Bwawa Halizai Maji

JUMANNE

Soma Mhubiri 2:4–11. Mhubiri alifanikisha mambo gani? Alipoyatazama yote mwishoni, aliona nini?

Katika orodha yake ya nyumba, mizabibu, bustani na fedha, fungu la 6 ni rahisi kulipita: alijitengenezea mabirika ya kunyweshea miti. (Birika hapa si la chai, bali ni hifadhi kubwa ya maji.) Mtu mwenye maji mengi kiasi hicho ndiye anayelalamika kwamba amebaki mtupu.

Wengi wetu mjini Morogoro tunatumia maji ya Bwawa la Mindu. Ukuta wake ni kazi nzuri, lakini bwawa halizai maji. Linapokea yale yanayoletwa na Mto Ngerengere na vijito vyake kutoka milima ya Uluguru. Misitu ya mlimani ikifyekwa, vijito hupungua wakati wa kiangazi, na mvua za masika hushusha tope linalopunguza kina cha bwawa. Hali hiyo haiponi kwa kuupaka ukuta rangi.

Mimi niliupaka. Nilipomaliza kujenga Kihonda, baada ya miaka tisa ya kununua matofali kidogo kidogo, niliketi barazani nikitazama milima, nikaona sina furaha. Nikaweka marumaru. Nikanunua gari. Mke wangu akaniuliza, “Baba Neema, tulipokuwa tunalala chini ya bati bila dari ulikuwa unaimba alfajiri. Mbona siku hizi huimbi?” Sikuwa na jibu. Nilikuwa nikiandaa masomo kwa ajili ya makanisa mengi, lakini kwa miezi kadhaa sikuwa nimeifungua Biblia kwa ajili yangu mwenyewe. Naandika haya kwa aibu kidogo, maana baadhi yenu mlinisikia nikihubiri mwaka huohuo.

Soma Yeremia 2:13. Mungu anataja makosa mawili. Ni lipi linalotangulia?

Watu waliiacha chemchemi kwanza. Mabirika yanayovuja yalifuata. Kwa hiyo nyumba yangu haikuwa kosa, wala sikuiuza. Hata Mhubiri (2:24) anakubali kwamba kuifurahia kazi ya mikono yetu hutoka kwa Mungu. Nilirudi tu kwenye Zaburi alfajiri, na wiki za kwanza sikusikia chochote moyoni.

Swali la kujadili: Je, yuko mshiriki kanisani kwenu ambaye mambo yake yanaonekana kumnyookea kiasi kwamba hakuna anayemuuliza hali ya moyo wake? Nani atamtembelea wiki hii, na ataanzaje mazungumzo?