Dondoo muhimu: Digrii ya elimu ya chekechea nchini Kenya
Kabla ya kuchagua kozi, mjue mwajiri. Tangu Katiba ya 2010, chekechea iko chini ya kaunti. Nafasi za walimu wa PP1 na PP2, yaani madarasa ya chekechea, hutangazwa na bodi za utumishi za kaunti, si Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Hata hivyo, jisajili TSC.

Mshahara wa kaunti, tuseme ukweli, mara nyingi haulingani na digrii. Fikiria pia kazi katika vyuo vya ualimu, uandishi wa vitabu vya watoto au miradi ya mashirika.

Ukienda mazoezi ya kufundisha, weka daftari: nani bado anashika kalamu kwa ngumi, nani anahesabu vizibo vya soda hadi kumi bila kuruka. Usiandike majina ya watoto. Siku ya mahojiano ya kazi, nenda na daftari hilo.