Pointi za duka la dawa zimepungua, nihame?

*Shangazi, kila mwezi namnunulia mama dawa za presha na sukari katika duka moja kubwa la dawa hapa Mombasa. Zamani kila shilingi 100 ilinipa pointi moja ya thamani ya shilingi moja. Sasa lazima nitumie shilingi 200, na nisipofikisha pointi 500 siwezi kuzitumia. Sikuambiwa chochote. Nahisi nimechezewa shere. Nihame? – Binti wa Kisauni*

Mwanangu, una haki ya kukasirika. Masharti yakibadilika, mteja wa miaka yote aambiwe mapema, asiyakute kwenye risiti. Mtindo huu wa kupunguza pointi umeenea: huko Uingereza, mwaka 2023 kampuni ya maduka ya dawa ya Boots ilipunguza pointi zake kutoka 4 hadi 3 kwa kila pauni. Nenda kwa meneja, uulize mabadiliko yalianza lini na pointi zako za zamani zinahesabiwaje.

Lakini hebu tupige hesabu. Tuseme dawa za mama ni shilingi 4,000 kwa mwezi. Zamani ulirudishiwa shilingi 40, sasa 20. Umepoteza shilingi 20. Pesa kubwa iko kwenye bei ya dawa yenyewe, na hiyo ndiyo bei ambayo kadi ya pointi ilikuzoesha usiiulize. Bei za dawa hutofautiana kutoka duka moja hadi jingine. Chukua karatasi ya daktari, upigie simu maduka mawili matatu yaliyosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Usitaje jina la kibiashara lililo kwenye boksi. Taja dawa na kipimo chake, kwa mfano: amlodipine miligramu 5, vidonge 30, metformin miligramu 500, vidonge 60. Dawa hizi hutengenezwa na kampuni nyingi, kwa hiyo uliza iliyosajiliwa ya bei nafuu ni ipi. Ukiona boksi jipya, mwonyeshe mfamasia kabla mama hajameza.

Na tafadhali usinunue vitamini ambazo hakuna aliyemwandikia mama eti ufikishe pointi 500. Hilo linanitia uchungu kuliko pointi zenyewe. Kama bado kidogo, malizia kwa sabuni au pamba mnayotumia nyumbani, kisha zitumie zote. Usizilimbikize.

Jambo jingine: kadi yako inaweka pamoja nambari yako ya simu na maradhi ya mama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Una haki ya kuuliza wanahifadhi nini, na ukiondoka unaweza kuomba zifutwe.

Kuhama? Hama ukipata bei nzuri zaidi, wala usione haya. Ila mfamasia anayezijua dawa zote za mama ana faida, kwa sababu ndiye atakayegundua zikigongana. Kwa hiyo ziandike zote kwenye karatasi moja, pamoja na vipimo na saa za kumeza, na hata dawa za mitishamba kama anazitumia. Mpe mfamasia mpya karatasi hiyo siku ya kwanza, kabla hujauliza bei.