Homoni: Wajumbe Waliomo Ndani ya Damu

Katika somo hili tutaangalia namna Mwenyezi Mungu alivyoupanga mwili wa mnyama ujiendeshe wenyewe: kupata joto, kubeba mimba, kunyonyesha, kutunza sukari na kukimbia hatari. Mifano tutaitoa kwa mbuzi, kuku na ng'ombe tunaowaona hapa Tingi.

HOMONI NI NINI?

Homoni ni kemikali inayotengenezwa na tezi na kumwagwa moja kwa moja katika damu. Damu huizungusha mwili mzima, lakini huipokea viungo vile tu vyenye vipokezi vyake. Ni mfano wa barua: hupita mikononi mwa wengi, ila huifungua mwenye jina lake. Tezi inayoamrisha nyingi kati ya nyingine ni pituitari, iliyo chini ya ubongo.

HOMONI NA UZAZI

Yai la mbuzi jike linapokaribia kupevuka, ovari hutoa estrojeni kwa wingi. Ndipo tunapomwona akitikisa mkia, akilia ovyo na kumfuata beberu. Huyo yupo kwenye joto. Pituitari nayo hutoa homoni ya kuliachia yai. Yai likishatoka, ovari hutoa projesteroni, ambayo huutayarisha mji wa mimba na kuzuia joto jingine. Mimba isipoingia, mji wa mimba hutoa prostaglandini, projesteroni hukatika, na joto hurudi baada ya siku 21 hivi. Ng'ombe naye ni karibu siku hizo hizo. Mimba ikiingia, projesteroni huilinda mpaka karibu na kuzaa: miezi 5 kwa mbuzi, miezi 9 na siku kidogo kwa ng'ombe.

Faida ya kujua haya ni kubwa. Mfugaji aliyeandika tarehe mbuzi wake alipopandwa, kisha siku 21 zikapita bila joto kurudi, atahisi kuwa ana mimba na hatampeleka kuchinjwa. Ni hasara na huzuni kupasua tumbo na kukuta mtoto ndani. Wahimilishaji nao huanzia hapo hapo: mbegu za fahali kutoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River mkoani Arusha, hazitafaa kitu ng'ombe akihimilishwa nje ya joto.

Kwa dume, korodani hutoa testosteroni. Ndiyo inayompa beberu harufu kali na ugomvi. Mbuzi aliyehasiwa mapema hana harufu hiyo. Kwa kuku, prolaktini huongezeka anapoatamia, na kutaga husimama.

HOMONI NA SUKARI

Baada ya kula, kongosho hutoa insulini. Sukari huingia katika seli, na ya ziada huwekwa akiba kwenye ini na misuli kwa jina la glikojeni. Njaa ikiingia, kongosho hutoa glukagoni, na ini huirudisha sukari katika damu. Ndivyo inavyokuwa hata kwetu tunapofunga Ramadhani.

HOFU, MAZIWA NA NYAMA

Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliohamishwa kutoka Ihefu, bonde la Usangu, waliingia na ng'ombe wao mkoani Lindi, Kilwa ikiwemo. Tangu hapo kukamua si jambo geni kwetu. Ndama akinyonya, pituitari hutoa oksitosini, vifuko vya maziwa hubanwa, na maziwa hushuka. Ndiyo maana mkamuaji humtanguliza ndama. Lakini ng'ombe akipigwa au kutishwa, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo hwenda mbio, mishipa ya damu ya kiwele husinyaa, na oksitosini haifanyi kazi yake. Mtu hulalamika kuwa ng'ombe ameficha maziwa, kumbe fimbo yake ndiyo iliyoyazuia.

Kuchinja ni vivyo hivyo. Mnyama aliyekimbizwa na kuburutwa kwa muda mrefu huimaliza glikojeni ya misuli. Nyama yake haipati asidi ya kutosha. Huwa nyeusi na kavu, na huoza upesi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kukinoa kisu vizuri, wala tusikinoe mbele ya mnyama. Adabu hiyo ni ibada kwanza. Pamoja na hayo, humkinga mnyama na hofu.

HITIMISHO

Basi tunaotumwa kuchunga baada ya chuo tuache kuwapiga mawe mbuzi na kuwakimbiza kwa mchezo. Mnyama hana ulimi wa kushitaki, lakini damu yake huipokea kila hofu tunayomtia. Wabillahi tawfiq.

MASWALI

1. Kwa nini homoni moja haibadilishi kazi za viungo vyote?
2. Mbuzi alipandwa tarehe 1 Machi, na joto halikurudi. Tumtarajie kuzaa mwezi gani?
3. Eleza kwa nini ng'ombe aliyetishwa hashushi maziwa.