Mwalimu wa Nyakato, anza kazi ya pili bila kuliacha darasa

Una kipaji kingine zaidi ya kufundisha, na unakijua. Kinachokukwamisha ni muda na pa kuanzia. Tuanze na pa kuanzia.

Anzia kwenye somo lako. John Magufuli alifundisha kemia na hisabati Sekondari ya Sengerema, hapo ng'ambo ya ghuba, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Akaenda chuo kikuu, na mwaka 1989 akaajiriwa kama mkemia katika Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza, hapa hapa Mwanza, hadi alipoingia bungeni 1995. Watu hukumbuka urais. Wewe tazama ile hatua ya kwanza: kemia ya ubaoni ilimfungulia kazi nje ya shule.

Fanya hivi leo. Andika mada 3 unazozimudu kuliko nyingine. Mbele ya kila mada, andika nani mtaani angelipia ujuzi huo. Mwalimu wa kemia anaweza kutengeneza sabuni ya maji. Apite SIDO aulize mafunzo yaliyopo. Mwalimu wa biashara aende kwa wenye maduka Buzuruga. Wengi wao hawajui faida yao ya mwezi.

Kama kipaji chako ni kalamu, mfuate Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 1970, na mwaka uliofuata riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ikatoka. Alifundisha sekondari kabla ya kurudi chuo kikuu kuwa mhadhiri, na vitabu viliendelea kutoka: Kichwamaji 1974, Dunia Uwanja wa Fujo 1975. Hakwenda mbali kutafuta mandhari. Rosa ni binti wa Namagondo, na baba yake aliwahi kuwa mwalimu. Hapo pana somo kubwa kuliko yote ninayoweza kukupa. Andika juu ya watu unaowajua kwa sauti zao: mama muuza dagaa, konda wa Igoma, mzazi aliyekuja shuleni kugomba. Usianze na riwaya. Andika hadithi fupi, imalize, mpe mtu asiye rafiki yako aisome. Ukiwa na muswada kamili, fuatilia tangazo la Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Soma masharti yake mstari kwa mstari.

Sasa muda. Tenga saa moja, ileile, siku 4 kwa wiki. Alfajiri inafaa zaidi, maana jioni ni ya madaftari na familia. Wiki ya zamu usijipangie kitu. Kipindi cha mitihani vivyo hivyo. Kazi nzito isubiri likizo ya Juni na ya Desemba.

Omba ruhusa mapema. Peleka barua kwa mwajiri kupitia kwa mkuu wa shule. Taja kazi, siku na saa. Baki na nakala yenye muhuri.

Wanafunzi wako na wazazi wao usiwafanye wateja. Hili halina mjadala. Mzazi atanunua kwa hofu ya alama za mtoto, na wewe utapoteza heshima uliyoijenga kwa miaka.

Fedha za kazi ya pili ziwe na laini yake ya simu na daftari lake. Ukianza tu biashara, nenda TRA uchukue TIN.

Itafika siku kazi mbili zitagongana. Julius Nyerere alikuwa bado mwalimu wa Pugu TANU ilipoundwa Julai 1954. Machi 1955 ilimbidi achague, akaacha kufundisha. Weka kipimo chako sasa, ungali na utulivu: ukianza kukosa vipindi kila wiki, umefika. Hapo usikimbilie kuacha kazi. Muulize kwanza afisa utumishi wa halmashauri kuhusu likizo bila malipo, na umwendee kabla muhula haujaanza, ili mkuu wa shule apate nafasi ya kugawa vipindi vyako.