KUHAMISHA WANYAMA BILA KIBALI KWALETA MAGONJWA

Katika Nyamarambe na sehemu nyingine za kusini ya Kisii mashamba ni madogo, na jamaa nyingi hutegemea ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa. Ng'ambo ya mpaka iko Trans Mara, nchi ya malisho mapana, ambayo nayo imepakana na mbuga wanamoishi nyati na nyumbu. Ng'ombe wakivuka mpaka huo kwenda sokoni, ugonjwa waweza kuvuka pamoja nao. Kwa hiyo yafaa kila mfugaji ajue kwa nini sheria yataka kibali kabla ya mnyama kuhamishwa.

SOMO LA SOTOKA

Sotoka iliingia Pembe ya Afrika karibu na mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli. Baada ya miaka michache ilifika katika nchi ya Wamasai, na mwaka 1896 ilivuka mto Zambezi. Ng'ombe wengi mno walikufa, na nyati, pofu na twiga vilevile. Ilishindwa kwa chanjo, hasa ile iliyotengenezwa Muguga, Kenya, na Dr. Walter Plowright na wenziwe, na kwa kuzuia ng'ombe wagonjwa wasihamishwe. Wagonjwa wa mwisho waliojulikana walikuwa nyati wa Mbuga ya Meru, mwaka 2001. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani.

UGONJWA USIOONEKANA

Ugonjwa wa miguu na midomo haujakwisha. Nyati aweza kuchukua virusi vyake kwa miaka bila kuonyesha dalili yo yote. Ng'ombe aliyeambukizwa aweza kukaa siku 2 mpaka 14 kabla ya malengelenge kutokea mdomoni na penye kwato, na huenda akawaambukiza wenziwe kabla ya hapo. Homa ya mapafu ya ng'ombe hujificha zaidi, hata kwa miezi. Basi macho ya mnunuzi, hata awe hodari namna gani, hayatoshi. Ng'ombe wa kigeni huumia kuliko wa kienyeji: maziwa hupungua sana, ndama hufa ghafula, na fedha ya karo hupotea.

SHERIA YASEMAJE?

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364 ya Sheria za Kenya, yawapa wakuu wa mifugo uwezo wa kutangaza karantini na kuzuia wanyama wasitoke wala kuingia. Mahali penye karantini soko la mifugo hufungwa. Wanyama wa porini nao hawahamishwi ovyo: hata kumchukua mtoto wa swala na kumfuga nyumbani bila ruhusa ni kosa.

Nchi nyingine zina masharti kama hayo. Huko Marekani, katika jimbo la Colorado, mwaka 1967 ulionekana ugonjwa wa kukondesha ayala, usio na dawa. Baadaye elki, ambao ni ayala wakubwa, walisafirishwa kutoka Canada mpaka Korea ya Kusini, na mwaka 2001 ugonjwa huo ukagunduliwa huko, ng'ambo ya bahari. Ndiyo sababu majimbo mengi ya Marekani yamekataza au yamewekea masharti makali uhamishaji wa wanyama hao.

MAMBO YA KUFUATA

1. Kabla ya kununua, mnunuzi aulize kibali kilichotolewa na Afisa wa Mifugo wa mahali mnyama atokako.

2. Mnyama mgeni atengwe na wengine kwa majuma kadha, awe na chombo chake cha maji na kamba yake.

3. Akionekana mnyama anayechechemea na kutokwa na mate mengi, asipelekwe sokoni wala mtoni. Afisa apewe habari siku hiyo hiyo.

4. Viatu, kamba na gari vioshwe kwa dawa, maana navyo huchukua ugonjwa.

Mtu apitishaye ng'ombe usiku kwa njia za panya huokoa shilingi chache, lakini aweza kuangamiza mali ya kijiji kizima, na zizi lake mwenyewe ndilo la kwanza.