Osiloskopu ya Kwanza: Anza na Kilicho Mezani Kwako

Mashine yangu ya kutotolea vifaranga iliwahi kuninyima usingizi wiki nzima. Ilitulia vizuri kwenye nyuzi 37.5, lakini mota ya kugeuza mayai ilipowaka, Arduino inayoendesha kila kitu ilijizima na kuanza upya. Haikuwa kila mara, labda mara moja kati ya kumi. Mayai ya kuku yanataka siku 21 za joto lisiloyumba, kwa hiyo hiyo mara moja ilitosha kunipa trei ya mayai viza.

Niliweka ncha za multimita kwenye laini ya volti 5 na kusubiri mota iwake. Ikasoma 5.02, kisha 5.01, kisha 5.02. Nikabadilisha adapta, nikabadilisha rilei, nikalehemu upya kila kiungo. Jirani yangu, fundi wa TV, alipita jioni moja, akatazama, akasema, "Mdogo wangu, hiyo mita inakupa wastani tu. Ngoja nikalete chombo."

Kwenye kioo cha osiloskopu yake tuliona jambo lenyewe: mota ikiwaka, laini ya volti 5 inaporomoka hadi karibu volti 2.4, inakaa huko kama milisekunde 6, kisha inapanda. Multimita ya kawaida hubadilisha namba yake mara mbili au tatu kwa sekunde, kwa hiyo anguko la milisekunde 6 linapita bila yenyewe kulijua. Arduino Uno, kwa upande wake, imepangwa ijianzishe upya umeme ukishuka chini ya volti 2.7 hivi. Niliipa mota njia yake ya umeme, nikaweka kapasita ya maikrofaradi 1000 kwenye upande wa Arduino, na tatizo likaisha usiku uleule.

Kesho yake nilianza kutafuta osiloskopu yangu, na nilianza vibaya: nilitazama megahezi kwanza. Ndiyo namba kubwa kuliko zote usoni mwa mashine, na ndiyo wauzaji wanayoitanguliza. Leo mtu akiniuliza anunue ipi, namwambia achukue karatasi kwanza aandike vitu vitano anavyotaka kuviona.

Karatasi yangu ingekuwa hivi: laini za umeme zinazoyumba, mawasiliano ya I2C kati ya Arduino na sensa, serio ya 9600, SPI ya kadi ya kumbukumbu, na adapta za TV ninazotengeneza. I2C ya kasi inakwenda kilohezi 400. Biti moja ya serio ya 9600 inachukua maikrosekunde 104, muda mrefu sana kwa osiloskopu yoyote. SPI ya Uno haizidi megahezi 8. Kanuni ninayoifuata ni kuzidisha mara tano masafa ya ishara yako ya kasi kuliko zote, na kwa karatasi hii inatoka megahezi 40. Basi mashine ya megahezi 50 inatosha, na pesa ya kuivusha hadi 200 ingekaa bure.

Kwa nini mara tano? Nilielewa baada ya kununua kifurushi cha osiloskopu ya DSO138, kile kibao kidogo unachokilehemu mwenyewe, bei yake ni ndogo kuliko multimita nzuri. Kinapokea masafa hadi kilohezi 200 na kuchukua sampuli milioni 1 kwa sekunde. Anguko la milisekunde 6 kilinionyesha vizuri kabisa. Ila nilipokiweka kwenye adapta inayokata umeme kwa kilohezi 65, wimbi la mraba lilitokea limeviringika kama kilima. Wimbi la mraba limejengwa na masafa mengi yaliyopandana: la msingi, la mara tatu, la mara tano, na kuendelea. Kwangu mara tatu ni kilohezi 195, ukingoni kabisa mwa uwezo wa kile kibao, na yote ya juu yake yalikatwa mlangoni. Kingo za wimbi zinaishi humo humo kwenye yaliyokatwa. Bado nakipenda, na kwa kijana wa sekondari anayeanza ningekinunua tena, mradi ajue mpaka wake, na ajue pia kwamba hakistahimili zaidi ya volti 50.

Baadaye nilidanganyika na mashine moja ya mfano wa tableti iliyoandikwa megahezi 100. Ndani ya maelezo, kwa herufi ndogo, ilikuwa inachukua sampuli milioni 200 kwa sekunde, yaani moja kila nanosekunde 5. Ishara ya megahezi 100 inamaliza mzunguko mzima kwa nanosekunde 10. Nukta mbili kwa mzunguko haziwezi kukuchorea umbo lolote la kuaminika. Tafuta sampuli zisizopungua mara nne au tano ya megahezi zilizotajwa, na uulize zinagawanywaje. Rigol DS1054Z, ambayo imewafundisha watu wengi wa fani hii, ina chaneli 4 na megahezi 50. Sampuli zake bilioni 1 kwa sekunde ni za chaneli moja, ukiwasha mbili kila moja inabaki na milioni 500, ukiwasha zote nne ni milioni 250. Hapo bado hesabu inakaa sawa.

Mashine nyingi za bei nafuu zina biti 8, maana yake kioo kizima kinagawanywa ngazi 256. Kioo kikionyesha volti 8 kutoka chini hadi juu, ngazi moja ni milivolti 31. Mtoto wa kisasa wa ile Rigol, DHO804, ana biti 12, ngazi 4096, na ngazi moja inashuka hadi milivolti 2. Anayehangaika na adapta zenye kelele au vikuza sauti atafurahia tofauti hiyo kuliko megahezi zaidi. Anayesoma I2C tu hataiona.

Osiloskopu za zamani zenye kioo cha tyubu ni imara, na kwa ishara inayojirudia picha yake ni nzuri mno. Ila anguko langu la mota lingepita kama mwako wa kiberiti, kwa sababu nyingi hazitunzi picha.

Usalama sasa, na hapa nakuomba usome taratibu. Kwenye osiloskopu ya mezani inayochomekwa ukutani, klipu ya ardhi ya probu imeunganishwa moja kwa moja na pini ya ardhi ya plagi ukutani. Upande wa msingi wa adapta ya TV, umeme wa volti 230 ukishanyooshwa unafika kama volti 325, na "ardhi" ya pale si ardhi ya nyumba. Ukibana klipu pale umepiga shoti, na osiloskopu inaweza kufa papo hapo. Wapo mafundi wanaokata pini ya ardhi ili kukwepa hilo; wakifanya hivyo, mwili wa chuma wa mashine unabeba umeme unaoua. Usifanye. Pima upande wa pili wa transfoma, au tumia probu ya tofauti iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na bei yake uihesabu tangu mwanzo pamoja na usafiri na ushuru.

Mzigo ukifika, unganisha probu kwenye kile kijino kinachotoa wimbi la mraba la kilohezi 1, kisha zungusha skrubu ndogo ya probu mpaka pembe ziwe za mraba kweli, bila kupinda wala kuchomoza. Swichi yake iache kwenye X10. Kwenye X1, probu nyingi zinabaki na megahezi 6 hivi, hata mashine iwe ya bei gani.