Kabla ya Kuongeza Gesi: Kwa Wenye Friji za Biashara na Mafundi Wao

Mwenye bucha, mwenye mgahawa, muuza vinywaji na muuza samaki mwenye friza ya mlango wa juu wote husikia kauli moja baridi inapopungua: gesi imeisha. Hutamkwa upesi, mara nyingine hata kabla friji haijasogezwa kutoka ukutani, na mwenye mali huikubali kwa kuwa inaeleweka na ina bei yake. Kijitabu hiki kinashikilia kwamba gesi iwe ya mwisho kushukiwa. Na ikithibitika kwamba imepungua kweli, kuiongeza bila kutafuta ilikopitia si matengenezo. Tunawaambia haya wenye biashara na mafundi kwa pamoja, kwa sababu desturi hii inalishwa na pande zote mbili: fundi hulipwa kwa gesi aliyojaza, na mteja hapendi kulipia uchunguzi.

Gesi ya friji haiungui wala haitumiki kama mafuta ya gari. Kompresa huisukuma ikiwa na shinikizo kubwa na joto hadi kwenye kondensa, yaani yale mabomba yenye mapezi nyuma au chini ya friji. Huko hutoa joto na kuwa kimiminika, kisha hupita kwenye kapilari, bomba jembamba sana, shinikizo likashuka ghafla. Ikifika kwenye koili ya ndani huchemka na kugeuka mvuke, na katika kuchemka huko hunyonya joto la nyama, soda na maziwa. R134a, kwa mfano, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri katika shinikizo la kawaida la hewa. Mvuke hurudi kwenye kompresa, na mzunguko unaanza upya. Mabomba yote yamechomelewa na kufungwa, na ndiyo maana friji nzima inaweza kufanya kazi miaka mingi kwa gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Basi anayesema gesi imepungua anasema, atake asitake, kwamba kuna tundu mahali fulani. Swali linalopaswa kumfuata ni moja: liko wapi?

Lakini kabla ya kufika kwenye tundu kuna mambo mengi yanayoleta dalili ileile ya kompresa kufanya kazi bila kupumzika huku baridi ikiwa hafifu. La kwanza ni kondensa chafu. Joto lote lililotolewa ndani ya friji, pamoja na lile linalozalishwa na kompresa yenyewe, lazima litokee hapo. Vumbi la barabarani, unga na mafuta ya jikoni huziba mapezi, shinikizo hupanda, kompresa huchemka, bili ya umeme hupanda, na mwishowe kifaa cha kuikinga na joto huikata. Hali huwa hivyohivyo feni ya kondensa ikikwama, friji ikibanwa ukutani au ikipigwa na jua la mchana. Chomoa plagi, pangusa mapezi kwa brashi laini ukifuata mwelekeo wake, sogeza friji ipate hewa, kisha ipe siku nzima kabla ya kuihukumu. Kwenye mgahawa wa chipsi kondensa inaweza kuhitaji kusafishwa kila mwezi. Dukani kwenye hewa safi huchukua muda mrefu zaidi. Pwani, hewa ya chumvi hula mapezi ya alumini, na hapo kusafisha kunakuwa pia nafasi ya kuyakagua.

La pili ni mzigo, nalo hupuuzwa kuliko yote. Kreti moja ya soda yenye chupa 24 za mililita 300 ina zaidi ya lita 7 za kinywaji. Kuipoza kutoka nyuzi 30 hadi 5 ni kuondoa joto la takriban uniti 0.2, yaani kilowati-saa 0.2, bila kuhesabu kioo cha chupa. Kreti kumi ni uniti 2. Friji yenye uwezo wa kuondoa joto kwa wati 300 itahitaji karibu saa saba kuzimaliza, na hiyo ni ikiwa mlango haufunguliwi. Anayejaza friji saa nne asubuhi na kulalamika saa sita mchana kwamba haipoi analaumu mashine kwa hesabu isiyowezekana. Ukijaza jioni baada ya kufunga duka, ukaacha nafasi ya hewa kupita kati ya chupa, lalamiko hilo huisha bila fundi.

Pamoja na mzigo kuna hewa inayoingia. Katika joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida Dar es Salaam au Mombasa, kila mita ya ujazo ya hewa hubeba gramu 24 hivi za maji. Maji hayo huingia kila mlango unapofunguliwa, na usiku kucha kama mpira wa mlango umechoka, kisha huganda kwenye koili. Bana karatasi mlangoni, funga, uivute: ikitoka bila kushikwa, mpira haubani. Barafu ikishaizunguka koili yote, feni ya ndani haina pa kupitisha hewa, na friji yenye gesi kamili inashindwa kupoza. Kwa friji zinazojiyeyushia barafu zenyewe, kosa huenda liko kwenye hita, kipima joto cha koili au saa ya kuyeyushia. Kwa friza ya mlango wa juu, zima na uyeyushe barafu ikifikia unene wa nusu sentimita hadi moja. Usiing'oe kwa kisu wala bisibisi. Ukuta wa koili ni mwembamba, na pigo moja linatosha kuutoboa. Hapo ndipo gesi huisha kweli.

La tatu ni umeme. Kompresa inapoanza huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshawaka, hivyo waya mwembamba wa kuunganishia, soketi iliyoungua au umeme hafifu wa jioni huonekana katika sekunde hizo chache. Kompresa huunguruma, hukata kwa sauti ya “tiki”, hunyamaza dakika kadhaa, hujaribu tena. Fundi apime volti kwenye friji yenyewe wakati kompresa inajaribu kuwaka, maana kipimo cha kabla ya hapo kinaweza kuonyesha 230 safi na kudanganya. Umeme ukirudi baada ya kukatika, friji ingoje dakika tano ili shinikizo la pande mbili lisawazike. Kifaa cha kulinda friji chenye uchelewesho huo ni rahisi mno ukikilinganisha na kompresa mpya.

Basi upungufu wa gesi hutambulikaje? Kwenye koili inayoonekana, barafu hutanda sehemu ya mwanzo tu, pale gesi inapoingia, na iliyobaki hukaa kavu. Kondensa inakuwa vuguvugu badala ya moto ingawa kompresa inafanya kazi. Karibu na tundu mara nyingi kuna doa la mafuta, kwa kuwa mafuta ya kompresa husafiri na gesi. Dalili hizi zinaonekana kwa macho na kushikwa kwa mkono bila kufungua kitu. Hilo ni muhimu, kwa sababu hata kufunga geji kwenye mfumo mdogo hupoteza gesi kidogo, na pale kiasi chote ni gramu 100, gramu chache si jambo dogo. Geji ifungwe kuthibitisha shaka yenye msingi, baada ya usafi, mzigo, hewa na umeme kuchunguzwa.

Wapo watakaosema: mbona fundi aliongeza gesi na friji ikapoa? Inawezekana tundu ni dogo na gesi hiyo itatoka polepole, friji ipoe wiki au miezi kisha irudi ilipokuwa. Lakini kuna sababu nyingine isiyofikiriwa. Wakati wa kazi friji ilizimwa saa kadhaa, bidhaa zikatolewa, barafu ikayeyuka, ikasogezwa kutoka ukutani. Kila kimoja kati ya hivyo kingeweza kuirudisha baridi, na gesi ikapewa sifa isiyo yake. Ajabu ni kwamba gesi ikizidi nayo inaharibu: kimiminika kinaweza kurudi kwenye kompresa na kuvunja vali zake.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha na muda. Nyama haisubiri, na kutafuta tundu huchukua nusu siku. Ni kweli, na hatulidharau. Hamishia bidhaa kwenye sanduku la barafu au friji ya jirani, na uamue kwa kipimajoto: chakula kibichi kikae nyuzi 5 au chini, kilichogandishwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Namba 1 hadi 7 kwenye thamostati si nyuzi joto. Lakini weka kwenye mizani kujaza gesi mara tatu kwa mwaka, bidhaa zilizoharibika kila safari, na kompresa inayochakaa kwa kufanya kazi bila kupumzika. Mafundi nao wana haki ya kusema kwamba mteja hulipa chupa ya gesi na kukataa kulipia saa mbili za kupima. Mteja abadili hilo. Ada ya uchunguzi ilipwe hata kama jibu ni brashi na sabuni.

Tundu hutafutwa kwa kujaza naitrojeni kavu na kupaka povu la sabuni kwenye maungio. Oksijeni isitumike kamwe, kwa sababu ikikutana na mafuta ndani ya mfumo hulipuka na kuua. Kwa friji inayotumia gesi ya R600a, kupaka povu friji ikiwa inafanya kazi kunaweza kudanganya: shinikizo la upande wa baridi huwa chini ya lile la hewa ya nje, hivyo tundu hunyonya hewa badala ya kutoa gesi. Baada ya kuziba, chujio hubadilishwa, pampu huvuta hewa na unyevu wote, kisha gesi ya aina iliyoandikwa kwenye kibati hupimwa kwa mizani ya gramu. Unyevu ukibaki huganda kwenye kapilari, na friji hupoa, hukata, hupoa tena bila sababu inayoonekana.

Aina ya gesi isibadilishwe kiholela. R290 ni propani na huwaka, kwa hiyo friji iliyotengenezwa kwa R134a, yenye swichi zinazotoa cheche, isijazwe propani, sembuse gesi ya kupikia, ambayo ni mchanganyiko wenye kemikali ya harufu na huenda una unyevu. Kwenye friji ya R290 moto wa kuchomelea usiwashwe kabla gesi yote haijaondolewa na milango kufunguliwa. Upande wa pili, R404A iliyoko kwenye friza nyingi za zamani haiwaki, lakini nusu kilo yake ikivuja hupasha dunia joto sawa na karibu tani 2 za kaboni dayoksaidi. Ndiyo maana nchi zilizokutana Kigali, Rwanda, Oktoba 2016 ziliongeza kwenye Itifaki ya Montreal ya 1987 wajibu wa kupunguza gesi za kundi la R404A. Kadiri zinavyopunguzwa sokoni zitazidi kuadimika, na mwenye friza inayovuja ndiye atakayelipa.

Kazi ikiisha, dai karatasi ibandikwe nyuma ya friji: tarehe, aina ya gesi, gramu zilizojazwa, na mahali tundu lilipozibwa. Nafasi ya tundu ikiachwa wazi, muulize fundi kabla hujalipa.